Chumvi Iliyozaliwa Ndani

"Kumi tu," alisema Noa. "Dawa iliyobaki ni ya kupima mara kumi. Ikiisha hiyo, tunangoja shehena nyingine ya msaada, na mimi sijui itakuja lini."

Inspekta Mastura alikuwa amesimama juu ya kifusi mbele ya zahanati ya Msikwani, kijiji cha pwani kusini ya Tongoni. Vumbi la zege lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Basi tano za kilichoanguka," alisema, "na tano za kilichosimama."

Noa alivua miwani. Alikuwa fundi sanifu wa maabara ya ujenzi mjini Tanga, Mbondei mwembamba asiyependa kupoteza kitu, na chupa ile ya dawa, nitrati ya fedha, aliibeba kwenye soksi isivunjike.

"Inspekta, kilichosimama hakijaua mtu."

"Ndiyo maana nakitaka. Fundi mmoja, mwaka mmoja, upepo mmoja. Nusu imeanguka, nusu imebaki. Nataka kujua huku kuna nini ambacho kule hakipo."

Noa akavaa miwani, akachukua tindo na nyundo.

Alhamisi iliyopita, siku ya kliniki, saa tatu asubuhi, paa la zege la barazani lilikatika katikati. Nusu ya kusini ilimwangukia nesi Wanu akiwa anatundika mzani wa watoto. Akina mama kumi na mmoja walikuwa bado ndani kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia wangoje kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Jioni ile ile polisi walimkamata Mzee Uweso, fundi aliyesimamia zege lile mwaka 1981. Leo ilikuwa Jumatatu. Faili lilitakiwa kwa mwanasheria wa serikali Alhamisi saa sita mchana, na shtaka lilikuwa limeshaandaliwa: kuua bila kukusudia.

Kijiji kizima kilikuwa na maelezo mamoja. Uweso aliiba saruji. Mwaka 1981 saruji ilipatikana kwa kibali, na mtu alibembeleza mfuko mmoja kama anayeposa. Zahanati ilijengwa kwa msaragambo, kila mtu akijitolea nguvu zake, na saruji ikatolewa na serikali. Mwaka ule ule nyumba ya Uweso ikapata sakafu ya saruji. Mtunza stoo wa kijiji wa wakati huo, Sadalla, alishaandikisha maelezo kwamba mifuko minne ilitoka stoo ikaenda nyumbani kwa fundi.

"Gonga," Mastura alisema.

Noa aligonga kipande kilichoanguka. Nyundo ikaruka. Akagonga tena, kwa hasira kidogo, akakung'uta mkono.

"Zege lenye njaa ya saruji hubomoka kama kashata," alisema. "Hili limeshiba."

"Basi limeangushwa na nini?"

Noa aliinama, akavuta nondo iliyochomoza kwenye mpasuko. Ilikatikia mkononi mwake. Ilikuwa ya unene wa kidole cha shahada ilipowekwa. Sasa katikati imebaki kama sindano ya kushonea magunia, na pembeni kutu imejaa matabaka matabaka.

"Kutu hunenepa kuliko chuma ilichokila. Ikinenepa inapasua zege kutoka ndani. Na kutu ya namna hii, afande, inaletwa na chumvi."

"Bahari hiyo hapo."

"Hiyo hapo. Lakini kati ya bahari na nondo kuna sentimita tatu za zege. Swali ni chumvi ilipitaje."

Wakati Noa akitoboa zege, nusu sentimita kwa nusu sentimita, unga wa kila kina akiukinga kwenye karatasi yake, Mastura aliazima ngazi akapanda juu ya nusu iliyosimama. Alisugua ukungu kwa kiganja. Fundi alikuwa ameandika tarehe kwa msumari zege likiwa bichi: 11.2.81. Alishuka, akazunguka mpaka kwenye kifusi, akatafuta uso wa juu. Ilimchukua robo saa na ukucha mmoja. 12.2.81.

"Siku mbili," alisema. "Hawakumwaga paa hili siku moja."

* * *

Jumanne saa nne, maabara. Noa alikuwa amepanga chupa kumi za kioo mezani, safu mbili. Kila moja ilikuwa na unga uliochemshwa na kuchujwa. Alidondosha dawa kwenye ya kwanza ya safu ya kaskazini. Maji yakawa meupe kama tui, alama ya chumvi. Ya pili, meupe kidogo. Ya tatu, ukungu tu. Ya nne na ya tano hazikubadilika.

"Hii ni chumvi ya upepo," alisema. "Inaingia kama mgeni. Kwanza barazani, halafu sebuleni, chumbani mwisho, tena kwa ruhusa."

"Inatembea kwa kasi gani?"

"Kwa miaka saba imefika sentimita moja na nusu." Alivuta karatasi ya miraba, akachora mstari unaoteremka. "Watu hudhani mara mbili ya hapo ni miaka mara mbili. Si hivyo. Kila inavyozama ndani inachoka. Mwendo ukiwa mara mbili, miaka inakuwa mara nne. Saba mara nne."

"Ishirini na nane."

"Mwaka elfu mbili na tisa, ndipo ingeigusa nondo. Hata hapo nondo ingechukua miaka mingine kuoza. Wewe na mimi tungekuwa wastaafu."

"Na kusini?"

Noa aligeukia safu ya pili. Alidondosha. Ya kwanza, tui. Ya pili, tui. Ya tatu, ya nne, ya tano, tui, tui, tui. Alichora alama tano kwenye karatasi ile ile, akaziunga. Ukiondoa mwinuko mdogo mwanzoni, mstari ulilala kama mkeka.

Mastura aliinamia karatasi.

"Huyu si mgeni," alisema.

"Huyu kazaliwa ndani. Chumvi hii haikuingia, Inspekta. Ilichanganywa pamoja na zege, siku ya kwanza. Nondo zilianza kuliwa kabla zahanati haijafunguliwa."

"Mchanga au maji?"

"Mchanga uliletwa na lori moja kutoka mtoni, hilo limo kwenye maelezo ya watu wote. Na upande wa kaskazini ni msafi." Noa alifunga kifuniko cha chupa yake tupu. "Mimi nikikuta hivi, nauliza maji."

* * *

Mzee Uweso aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila viatu, kama utaratibu wa mahabusu ulivyotaka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, mikono iliyopasuka kwa chokaa.

"Shikamoo, mzee."

Alishtuka. Kwa siku tano hakuna aliyemwamkia. "Marahaba, mwanangu."

"Saruji hukuiba."

"Nimelisema hilo tangu Alhamisi."

"Sasa tumelipima. Niambie habari za maji."

Mikono yake, iliyokuwa juu ya meza, ilishuka chini ya meza.

"Maji yalitoka kisima cha Bondeni. Maji matamu. Waliteka akina mama."

"Tarehe kumi na moja na tarehe kumi na mbili?"

"Siku zote mbili."

"Nusu ya kusini ina munyu mpaka moyoni."

"Basi ni mchanga."

"Mchanga ulikuwa lundo moja."

"Nilipungukiwa. Nikachota wa ufukweni. Andika hivyo, nilichota mchanga wa ufukweni."

"Ulichota saa ngapi? Na nani? Kwa chombo gani?"

"Inspekta, si umetaka jibu? Nimekupa. Andika."

Mastura aliweka kalamu chini. Wengi walikuwa wamemdanganya ndani ya chumba hiki, na wote walidanganya watoke. Huyu alikuwa wa kwanza kudanganya abaki.

"Ufundi ulijifunza kwa nani?"

Uweso alilegea kidogo. "Kwa baba. Alikuwa fundi wa chokaa na mawe. Nyumba nyingi za Pangani mjini kazikarabati yeye."

"Alitumia maji gani?"

"Maji yoyote. Chokaa haichagui. Tazama kuta za magofu ya Tongoni. Wamezijenga kwa maji ya visima vya pwani, yenye munyu hayanyweki, na mpaka leo zi..."

"Zimesimama," Mastura akammalizia. "Lakini kule hakuna nondo, mzee."

"Hilo nimelijua Alhamisi," alisema Uweso, polepole. Halafu akageukia ukuta. "Nirudishe. Zaidi ya hapo sisemi."

* * *

Jumatano asubuhi Mastura alikuwa mtaa wa Nguvumali, mjini Tanga, dukani kwa Sadalla. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, aliyekuwa mtunza stoo wa kijiji aliuza sabuni za kila rangi, dawa ya meno na vitambaa vya nje. Hakufurahi kumwona.

"Afande, maelezo nilishatoa."

"Mifuko minne. Ilikuwa na hali gani?"

"Hali gani vipi? Saruji ni saruji."

"Mke wa Uweso amenionyesha sakafu yake. Imejaa mabonge kama ugali wa bachela. Saruji gani hiyo?"

Sadalla alipanga upya sabuni ambazo zilikuwa zimepangika.

"Stoo ilivuja," alisema mwishowe. "Mifuko minne ikaloa, ikaganda. Miaka ile, afande, ukisema saruji ya serikali imeharibikia mikononi mwako, unaitwa mhujumu uchumi. Nikamwambia Uweso aiondoe usiku, aiponde, afanyie atakacho. Ilikuwa imeshakufa."

"Na wiki iliyopita ukasahau."

"Nilitishika. Mtu amekufa."

"Utatishika zaidi usipoandika upya. Sasa niambie: tarehe kumi na mbili Februari mwaka themanini na moja, kulitokea nini Msikwani?"

Mastura alitegemea afikirie. Hakufikiria hata kidogo.

"Ndiyo siku tuliyomzika mtoto wa Uweso. Wa kwanza, wa miezi minne. Alikufa alfajiri kwa homa. Zahanati ndiyo hiyo tulikuwa tunaijenga."

"Na zege?"

"Lilimwagwa. Mifuko ilishafunguliwa, mashine ya kukoroga tuliazimwa kwa siku mbili tu. Uweso alitaka asimamishe, akina mama wakamwambia kazike, sisi tutajaza maji. Asubuhi ile ile wakajaza, mapipa manane. Walikuwa wanawake wa kweli wale."

"Walikuwa wangapi?"

"Ishirini hivi."

Mastura alipiga hesabu nyuma ya risiti. Pipa moja ndoo kumi. Mapipa manane, ndoo themanini. Wanawake ishirini, safari nne kila mmoja. Kisima cha Bondeni, kwenda na kurudi, saa nzima.

"Mazishi yalikuwa saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mapipa yalijaa saa ngapi?"

"Mapema. Saa moja na nusu yalikuwa yamejaa, maana walitaka kuwahi kumliwaza mama wa mtoto."

Kazi ya saa nne ilikuwa imefanywa kwa muda wa kunywa chai. Nyuma ya zahanati, hatua hamsini, kulikuwa na kisima kingine. Mastura alikuwa amekiona Jumatatu. Wanakijiji waliosha samaki hapo.

"Aliyewaongoza akina mama ni nani?"

"Bi Mwanaima," alisema Sadalla. "Mama yake nesi Wanu, Mungu amrehemu binti huyo."

Alisema hivyo bila kujua amesema nini. Mastura alijua, na alijua pia sasa kwa nini mtu mzima alikuwa anaomba aandikiwe mchanga wa ufukweni.

* * *

Nyumba ya matanga ilikuwa na mikeka mpaka uani. Wanawake walimpisha. Bi Mwanaima alikuwa ameegemea ukuta, kanga imefungwa kichwani, na bintiye mdogo Khairat alikuwa akimpepea.

"Shikamoo, mama. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tumekwishapoa. Kaa, afande. Khairat, mletee mgeni chai."

Mastura alikuwa na maswali saba kwenye daftari. Hakulitoa.

"Mama, nataka unisimulie siku aliyozikwa mtoto wa Uweso."

Bi Mwanaima alimwangalia kwa mshangao, kisha akasimulia, na sauti yake ikapata nguvu ambayo haikuwa nayo.

"Nilimkuta Uweso amekaa kwenye lundo la mchanga. Mtoto yuko ndani kafunikwa, mifuko ya saruji imefunguliwa, mashine inanguruma, yeye hajui ashike lipi. Nikamwambia, wewe mwanamume, nenda kamzike mwanao. Maji tutajaza sisi. Zahanati hii haitachelewa siku moja, isije ikafa roho nyingine. Tukafunga vibwebwe."

"Mlijazia wapi?"

"Kisi..." Alisita. "Kisima cha nyuma. Cha Bondeni ni mbali, na tulikuwa na maiti ndani. Kile kina munyu, lakini zege halina kinywa." Wanawake wawili walitabasamu, bila shaka aliusema mzaha huo siku ile pia. Yeye hakutabasamu. "Mbona unauliza maji?"

Mastura angeweza kusema ni utaratibu tu. Alifungua mkoba akatoa karatasi ya miraba, akaiweka juu ya mkeka. Akaeleza kama Noa alivyomweleza, kwa maneno machache, bila kupunguza. Kwamba chuma ndani ya zege hulindwa na saruji. Kwamba munyu huvunja ulinzi huo. Kwamba kuta za kale hazina chuma ndani, kwa hiyo haziumwi. Kwamba hakuna aliyewaambia: ramani ya jengo ililetwa, ikabandikwa ukutani, na fundi sanifu wa wakati ule aliyetakiwa kuja kukagua hakuja, kwa kuwa gari halikuwa na mafuta.

Upepeo ulisimama mkononi mwa Khairat.

Bi Mwanaima aliweka kidole kwenye mstari wa juu. "Huu uliolala ndio sisi?"

"Ndio maji ya kisima cha nyuma."

"Na huu unaoteremka?"

"Maji ya Bondeni. Siku ya kwanza."

Kidole kilikaa pale. Mtu mmoja uani alianza kulia, akanyamazishwa.

"Uweso anajua?"

"Anajua. Nadhani alijua paa lilipoanguka."

"Amesema nini?"

"Amesema alichota mchanga wa ufukweni. Nimemuuliza maji, amesema yote yalitoka Bondeni."

"Muongo," alisema Bi Mwanaima. Alilisema taratibu, karibu kwa upole. Kisha akajisukuma ukutani, akasimama kwa mara ya kwanza, kama wenye matanga walivyosema baadaye, tangu siku ya mazishi. "Khairat. Nipe baibui langu."

"Mama, uko kwenye msiba."

"Ndiyo. Wangu. Nipe baibui."

* * *

Bi Mwanaima alitoa maelezo yake kituoni Tanga kuanzia saa nane mpaka saa tisa. Hakujitetea na hakujipiga kifua. Alitaja kisima, saa, mapipa, na wanawake waliokuwapo kwa majina, na kwa kila jina alisema, "Huyu alifuata niliyosema mimi." Mastura alimsomea yote. Naye akaweka dole gumba.

Ndipo Uweso alipoletwa, naye akabadilisha yake. Sentensi tatu zilitosha. Alirudi kutoka makaburini akayaonja maji kwenye pipa. Akajua yana munyu. Akamkumbuka baba yake na kuta za Tongoni, akaendelea na kazi.

Mastura aliambatisha maelezo mapya ya Sadalla, tarehe mbili za msumari, na karatasi ya Noa. Chini yake aliandika aya moja: saruji haikuibwa, kosa lilitokana na kutojua, mwenye wajibu wa kuwajulisha hakufika. Mkuu wake wa upelelezi alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena.

"Mwanasheria atanung'unika," alisema.

"Anung'unike. Hana kesi."

"Hana." Aliweka saini. "Mpe mzee dhamana arudi kwao. Na hiyo nusu iliyobaki?"

"Noa anasema salama. Lakini amewaambia wasitundike kitu mpaka apige hesabu tena."

Kaunta ya kituo ilikuwa tupu isipokuwa benchi moja. Bi Mwanaima alikuwa amekaa hapo, Khairat pembeni yake. Uweso alitolewa akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Alipomwona alisimama, akaonekana kama mtu anayetaka kurudi alikotoka.

"Dada," alisema. "Kwa nini umesema?"

"Wewe kwa nini ulinyamaza?"

"Nilitaka usijue."

"Nijue nisijue, ni mwanangu." Alimtazama kwa macho makavu. "Wako tulimzika sote, Uweso. Watu wote wa Msikwani. Wangu umekuja kukaa matanga yake humu peke yako siku sita. Nani alikutuma?"

Askari wa zamu alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Bi Mwanaima alinyanyuka, akatengeneza baibui lake.

"Vaa viatu," alisema. "Hujafika kaburini kwa Wanu bado."